Kimironko na hesabu ya watu: uzazi, vifo na umri wa kuishi katika historia ya Kigali

Kimironko ni umurenge, yaani kata, katika Wilaya ya Gasabo, kaskazini-mashariki mwa jiji la Kigali. Imegawanywa katika maeneo madogo matatu: Bibare, Kibagabaga na Nyagatovu. Wengi wanaijua kwa soko lake, lenye vitenge, mafundi cherehani, maharage na maparachichi, na kwa kituo cha mabasi kilicho jirani. Kwa anayefuatilia historia ya idadi ya watu, pana jambo jingine la kutazamwa. Kimironko imejaa watu katika miongo ileile ambayo familia za Kigali zilikuwa zikizaa watoto wachache kuliko wakati wowote uliowahi kupimwa. Mtu akipita sokoni Jumamosi anaweza kudhani anaona matunda ya uzazi mwingi. Anachoona, kwa sehemu kubwa, ni matunda ya kuhama.

Kabla ya mji kufika, vilima hivi vilikuwa sehemu ya Bwanacyambwe, mojawapo ya maeneo ya kale ya ufalme wa Rwanda. Watu hawakuishi katika vijiji vilivyokusanyika. Kila boma lilikaa peke yake juu ya mteremko, na migomba nyuma yake, mtama na maharage mbele. Watoto walikuwa nguvu kazi, ulinzi na akiba ya uzeeni, na maharusi walitakiwa heri kwa maneno ambayo bado husikika harusini Kigali: muzabyare hungu na kobwa, mzae wavulana na wasichana. Heri hiyo ilikuwa na sababu nzito. Pale ambapo watoto wengi hufa kabla ya kufikisha miaka mitano, mwenye kuzaa sita hana hakika ya kubaki na watatu.

Hesabu ya kwanza iliyoandikwa haikuwa ya watu bali ya kodi. Wabelgiji, waliotwaa nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliandikisha wanaume watu wazima wenye nguvu, wale waliopaswa kulipa kodi na kufanya kazi ya lazima. Wanawake, watoto na wazee walipatikana kwa kuzidisha. Mwanamume aliyevuka mpaka kwenda kulima pamba Buganda alifutika daftarini pamoja na jamaa yake yote, na waliovuka walikuwa wengi: utafiti ulioongozwa na Audrey Richards kuhusu vibarua wa Buganda, uliochapishwa mwaka 1954, ulikuta Wanyarwanda na Warundi wakiwa kundi kubwa mashambani. Takwimu za ukoloni wa awali kwa hiyo husema zaidi juu ya nani alikamatika kuliko juu ya nani alikuwapo.

Mwaka 1933 na 1934 uandikishaji huo ulipiga hatua yenye madhara makubwa zaidi. Kila mtu mzima alipewa kitambulisho kilichotaja kwamba yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mpaka uliokuwa ukipindika kwa ndoa, mali na ubwana ukawekwa kwa wino, na ukabaki hivyo miaka sitini.

Vifo navyo vilikuwa na kumbukumbu yake, isiyohitaji daftari. Wanyarwanda huzipa njaa majina: Rumanura wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rwakayihura ya 1928 na 1929, na Ruzagayura ya 1943 na 1944, iliyoua watu wengi na kuwasukuma wengine kuvuka mipaka. Serikali ya kikoloni iliona jibu la njaa hizo katika kupunguza watu ardhini. Kuanzia mwaka 1937 familia zilihamishiwa Gishari, katika nyanda za juu za Masisi huko Kivu, mpango uliodumu hadi katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1953 mwanajiografia Mfaransa Pierre Gourou alichapisha utafiti juu ya msongamano wa watu katika Ruanda-Urundi, na tangu hapo wazo kwamba nchi hii ina watu kupita uwezo wake likawa mazoea ya kila ripoti. Wakati huo Rwanda ilikuwa na watu wapatao milioni 2. Leo ni zaidi ya mara sita ya hao, na inajilisha vizuri kuliko wakati wa Ruzagayura. Jambo hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji awe mwangalifu na kila tamko kwamba nchi imejaa.

Kigali yenyewe ilikuwa haijaonja msongamano wowote. Kituo alichokianzisha Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907 kilikuwa upande wa Nyarugenge, ng'ambo ya mabonde kutoka Kimironko, na siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962, mji ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Kimironko ilikuwa shamba.

Sensa ya kwanza ya kisasa ilifanyika Agosti 1978 na kuhesabu watu milioni 4.8. Kuanzia hapo Rwanda imeshikilia desturi ya kuhesabu katikati ya Agosti, wakati wa kiangazi ambapo barabara hupitika na mavuno ya masika yamekwisha: 1978, 1991, 2002, 2012 na 2022. Mwaka 1981 serikali iliunda Ofisi ya Taifa ya Idadi ya Watu, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa ONAPO, na miaka miwili baadaye ofisi hiyo ilifanya utafiti wa kitaifa wa uzazi. Jibu lilikuwa wastani wa watoto 8.5 kwa mwanamke, kiwango kilichoiweka Rwanda miongoni mwa nchi zenye uzazi wa juu kabisa duniani. Matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango yalikuwa karibu hayapo. Sehemu kubwa ya vituo vya afya ilikuwa mikononi mwa Kanisa Katoliki, ambalo halikutoa vidonge wala sindano.

Mwaka 1990 serikali ilipitisha sera ya idadi ya watu iliyolenga kushusha uzazi hadi watoto 4 ifikapo mwaka 2000. Lengo lilikuwa la mezani. Hata hivyo, utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 1992 ulikuta uzazi umeshuka hadi 6.2, ilhali ni asilimia 13 tu ya wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa. Kushuka kwa zaidi ya watoto wawili ndani ya miaka tisa, bila dawa za kutosha, kulihitaji maelezo, na sehemu ya maelezo ilikuwa ardhi. Catherine André na Jean-Philippe Platteau, waliofuatilia kaya za eneo moja la kaskazini-magharibi kati ya 1988 na 1993, walionyesha jinsi vijana wasiorithi shamba walivyoshindwa kujenga nyumba, na asiye na nyumba hakuoa. Ndoa zilichelewa, na uzazi ukachelewa pamoja nazo. Hiyo haikuwa familia ndogo kwa hiari. Ilikuwa familia iliyokwama mlangoni.

Makala ya wawili hao, iliyotoka mwaka 1998, ilitumiwa baadaye na Jared Diamond katika kitabu chake cha mwaka 2005, na kwa njia hiyo ikasambaa duniani dhana kwamba mauaji ya kimbari ya 1994 yalitokana na wingi wa watu. Dhana hiyo haisimami. Nchi na maeneo yenye msongamano sawa na huo hayakuua watu wake, na mauaji ya Rwanda yalipangwa na dola iliyokuwa na orodha, redio, jeshi na wanamgambo. Uhaba wa ardhi unaweza kueleza kwa nini baadhi ya wauaji walitamani shamba la jirani. Hauelezi nani aliwapa amri.

Kabla ya mauaji hayo Kigali ilikuwa tayari imeingia katika historia ya tiba kwa sababu nyingine. Mwishoni mwa 1986 Rwanda ilifanya uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa virusi vya UKIMWI, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zikikana kwamba zina ugonjwa huo. Uchunguzi huo ulikuta asilimia 17.8 ya watu wa mijini wameambukizwa, na asilimia 1.3 vijijini. Mji ulikuwa mahali pa hatari kuliko shamba, na kwa muda fulani umri wa kuishi wa mtu wa Kigali ulitishiwa na mambo yaleyale yaliyomvutia kuja mjini.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuanzia Aprili hadi Julai 1994. Serikali ya Rwanda inahesabu waliouawa kuwa zaidi ya milioni moja. Vyanzo vya Umoja wa Mataifa mara nyingi vimetaja 800,000. Katika uwanja wa Amahoro, huko Remera, jirani kabisa na Kimironko, maelfu walijificha chini ya ulinzi wa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Vitambulisho vya miaka ya 1930, vilivyorithiwa na kutolewa upya na kila utawala, ndivyo vilivyoombwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Kwa wataalamu wa idadi ya watu, janga hilo lilileta kazi ngumu ya kupima kile ambacho wauaji walitaka kisipimike. Njia moja ilikuwa kulinganisha sensa ya 1991 na waliobaki, lakini sensa hiyo yenyewe ilikuwa na kasoro: ilitaja Watutsi kuwa asilimia 8.4 ya wananchi, na Marijke Verpoorten, kwa kuilinganisha na kumbukumbu za utawala za Gikongoro, alionyesha mwaka 2005 kwamba walikuwa wamehesabiwa pungufu. Hesabu pungufu ya walio hai huzaa hesabu pungufu ya waliokufa. Njia nyingine ilikuwa kuwauliza walionusurika juu ya ndugu zao. David de Walque na Philip Verwimp walitumia majibu ya wanawake kuhusu kaka na dada zao katika utafiti wa mwaka 2000, wakaona kwamba wanaume watu wazima na watu wa mijini na wenye elimu walikufa kwa wingi usio wa kawaida. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanashusha umri wa kuishi wa wakati huo hadi chini ya miaka 30. Namba ya namna hiyo haina maana ya kawaida ya takwimu: haisemi watu walizeeka mapema, inasema watoto, vijana na wazee waliuawa pamoja.

Baada ya hapo sensa za Rwanda ziliacha kuuliza kabila, na vitambulisho vipya vikaondoa kipengele hicho. Kuna watafiti wanaolalamika kwamba hilo linawanyima data. Ukiangalia matumizi ya data hiyo kwa miaka sitini, malalamiko hayo hayapati wa kuyasikiliza Kigali.

Wanawake walibaki wengi kuliko wanaume. Madai kwamba walikuwa asilimia 70 ya nchi yamerudiwa mno, lakini sensa ya 2002 ilionyesha zaidi kidogo ya asilimia 52. Pengo kubwa lilikuwa katika rika za watu wazima, na zaidi ya theluthi moja ya kaya ziliongozwa na wanawake. Wengine walikuwa wajane wa mauaji, waliojiunga katika AVEGA-Agahozo, chama kilichoanzishwa mwaka 1995. Wengine walikuwa na waume gerezani. Katika miaka iliyofuata magereza ya nchi yalishikilia zaidi ya watu 120,000, na moja kati ya hayo lilikuwa Kimironko.

Je, watu walizaa kufidia waliopotea? Uzazi haukupanda mara moja: mwaka 2000 ulikuwa 5.8, mwaka 2005 ukafika 6.1. Matumizi ya njia za kisasa yalikuwa yameporomoka hadi asilimia 4 mwaka 2000, kwa kuwa wauguzi walikuwa wameuawa au kukimbia na vituo vilikuwa mahame. Utafiti wa Kati Kraehnert na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, umetenganisha mambo yaliyokuwa yakisemwa kwa jumla. Mama aliyefiwa na mtoto katika mauaji alizaa mapema, na watoto wengi zaidi, kuliko wengine. Mwanamke aliyefiwa na kaka au dada alizaa wachache. Pale ambapo wanaume walipungua sana, uzazi ulishuka. Msiba mmoja, kwa hiyo, ulisukuma uzazi pande mbili, na wastani wa taifa ulizificha zote mbili.

Hapo ndipo Kimironko inapoingia kwa nguvu. Kati ya Watutsi waliokimbia nchi kuanzia mwaka 1959 na watoto wao, laki saba au nane walirudi baada ya 1994, kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo. Wengi walikuwa watu wa mjini, wenye biashara, ualimu au ufundi, na hawakuwa na kilima cha kurudia. Mashariki mwa Kigali, kuanzia Remera kuelekea Kimironko na Kibagabaga, palikuwa na nafasi ya kujenga. Waliorudi walikuja na lugha zao pia. Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Bukoba kilikutana sokoni na Kinyarwanda cha waliobaki, muda mrefu kabla Bunge halijakifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mji uliokuwa na watu 235,664 katika sensa ya 1991 ulihesabiwa kuwa na zaidi ya 600,000 mwaka 2002. Hakuna uzazi unaoweza kufanya hivyo.

Mwendo huo haujakoma, ingawa wanaokuja sasa hutoka zaidi vijijini mwa Rwanda. Mwaka 2012 Wilaya ya Gasabo ilikuwa na watu karibu 530,000. Mwaka 2022 ilikuwa na zaidi ya 879,000, mipaka ikiwa ileile. Ongezeko hilo ni la theluthi mbili katika miaka kumi. Nchi nzima, iliyokua kwa wastani wa asilimia 2.3 kwa mwaka, iliongezeka kwa takribani robo moja tu. Tofauti kati ya theluthi mbili na robo ni vijana walioshuka kwenye basi.

Na vijana hao, wakifika, huzaa kidogo. Utafiti wa 2014-15 uliipa Kigali wastani wa watoto 3.6 kwa mwanamke, wakati mikoa ya Magharibi na Mashariki ilikuwa na wastani wa 4.6. Kodi ya nyumba, karo, na kazi isiyomruhusu mama kukaa na mtoto mgongoni siku nzima zote zina sehemu yake. Muuza vitenge anayelipia meza sokoni anajua gharama ya miezi mitatu bila mauzo.

Mabadiliko ya kitaifa yalikuja kwa ghafla baada ya 2005. Uzazi ulishuka kutoka 6.1 hadi 4.6 ndani ya miaka mitano. Matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walioolewa yalipanda kutoka asilimia 10 hadi 45 katika muda huohuo, na kufikia 58 mwaka 2019-20. Serikali ilijenga vituo vidogo karibu na vile vya Kanisa, ili anayetaka sindano au kipandikizi asifukuzwe wala asitembee mbali. Suluhisho lisilo na kelele, na huenda ndiyo sababu lilifanikiwa. Bima ya afya ya jamii, inayoitwa mituweli, ilienezwa nchi nzima katika miaka hiyo. Wahudumu wa afya wa jamii, wapatao 45,000, waliochaguliwa na majirani wao, walipewa kazi ya kupima watoto homa, kufuatilia wajawazito na baadaye kutoa vidonge na sindano mlangoni. Mwaka 2007 ulizuka mjadala wa kuweka kikomo cha watoto watatu kwa familia, lakini kikomo hicho hakikuwa sheria.

Ni vigumu kutenga sababu moja. Tom Bundervoet wa Benki ya Dunia, akichambua kushuka kwa uzazi kati ya 2005 na 2010, aliona kwamba sehemu kubwa zaidi ilitokana na elimu ya wanawake, ikifuatiwa na hali bora ya maisha ya kaya na kuhama kutoka kilimo kwenda kazi nyingine. Kizazi kipya cha wasichana waliosoma kilianza kuzaa kwa namna tofauti na mama zao, si mama zao waliobadilika. Jambo la pili haliwezi kuachwa: watoto waliacha kufa. Mwaka 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 196 walikufa kabla ya miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 76. Mwaka 2019-20 walikuwa 45. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 203 katika kipindi hichohicho. Vyandarua, dawa za malaria, chanjo ya nimonia iliyoanza 2009, na kujifungulia kituoni badala ya nyumbani vilifanya kazi kubwa. Mama wa Kibagabaga aliye jirani na hospitali hana tena hesabu ya bibi yake ya kuzaa sita ili abaki na watatu.

Umri wa kuishi ulifuata. Sensa ya 2002 iliukadiria kuwa miaka 51.2, ya 2012 miaka 64.5, na ya 2022 miaka 69.6. Paul Farmer, Agnes Binagwaho na wenzao waliandika juu ya mwendo huo katika majarida ya tiba mwaka 2013 na 2014, na ni haki kusema kwamba misaada ya nje dhidi ya UKIMWI na malaria ilikuwa na mkono mkubwa pale. Miaka 13 iliyopatikana kati ya 2002 na 2012, hata hivyo, inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Sehemu yake ni kurudi kutoka shimoni, na sehemu kubwa ni watoto wachanga waliookolewa, si wazee waliorefushiwa maisha. Kadiri hatua hizo rahisi zinavyokwisha, ndivyo ongezeko linavyopungua: muongo uliofuata uliongeza miaka mitano tu. Kazi iliyobaki ni ya shinikizo la damu, kisukari na saratani, magonjwa yasiyomalizwa kwa chandarua. Chanjo dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo Rwanda ilianza kuwapa wasichana wa shule nchi nzima mwaka 2011, ikiwa ya kwanza Afrika, faida yake kamili itaonekana watakapofika umri wa kati.

Uzazi nao umepunguza mwendo: kutoka 4.6 mwaka 2010 hadi 4.2 mwaka 2014-15 na 4.1 mwaka 2019-20. Sensa ya 2022, iliyofanywa kwa kompyuta za mkononi na makarani ambao wengi wao walikuwa walimu wa shule za msingi, ilikadiria 3.6 kwa njia yake yenyewe. Wastani wa watu katika kaya moja ulikuwa 4.0, kutoka 4.3 miaka kumi kabla. Karibu theluthi mbili ya wananchi walikuwa chini ya miaka 30, kwa hiyo hata kila mwanamke akizaa wachache, waliofikia umri wa kuzaa ni wengi na idadi ya watoto wanaozaliwa haipungui haraka. Mimba za wasichana wadogo zimekuwa suala la ubishi wa wazazi, makanisa na wabunge. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria inayomruhusu aliyefikisha miaka 15 kupata huduma za uzazi wa mpango bila ruhusa ya mzazi.

Kuhesabu pia kumebadilika. Sensa huja mara moja katika miaka kumi, na katika mtaa ambao wapangaji huhama kila mwaka, miaka kumi ni mingi. Tangu Agosti 2020 mtoto anayezaliwa hospitalini au katika kituo cha afya husajiliwa papo hapo, na kifo kinachotokea huko vilevile. Wanaozaliwa au kufia nyumbani husajiliwa kwa katibu mtendaji wa akagari, eneo dogo lililo chini ya umurenge. Vizazi vya nyumbani vimebaki vichache. Vifo vya nyumbani ni vingi zaidi, hasa vya wazee, na sababu yake mara nyingi hupatikana kwa kuwahoji ndugu wa marehemu juu ya dalili za siku za mwisho. Kwa mtaa ambao vijana wake wa miaka ya 1990 sasa wanakaribia uzee, takwimu za magonjwa yao zitategemea sana majibu hayo.